MAJI, BARUTI NA STELINGI: UCHAMBUZI WA PICHA YA "RIDERS OF DESTINY" (1933)

Katika jamii iliyogawanyika kwa matabaka, hakuna sanaa inayosimama katikati. Wimbo, hadithi, mchezo wa jukwaani na picha ya sinema vyote hutoka katika mikono ya watu walio na mahali pao katika uzalishaji mali, na vyote humwambia mtazamaji, kwa siri au kwa dhahiri, nani ana haki ya kutawala na nani ana wajibu wa kungoja. Jambo hili tumelisema mara nyingi madarasani. Lakini mara nyingi tumelisema kwa kutumia mifano mikubwa, vitabu vya waandishi mashuhuri na picha zilizogharimu mamilioni, na tumeiacha kando ile sanaa ya bei rahisi ambayo umma wenyewe umeitazama kwa wingi zaidi.

Miongoni mwetu makada kuna misimamo miwili kuhusu picha za kauboi. Wapo wanaosema kwamba ni mchezo tu, farasi wanakimbia, bastola zinalia, stelingi hafi, watu wanarudi nyumbani wakacheka. Kwa hiyo haifai mtu mzima kupoteza wakati kuzichambua. Wapo wengine wanaosema kwamba ni kasumba ya ubeberu, na dawa yake ni kuzipiga marufuku. Misimamo hii inaonekana kupingana, lakini kwa kweli ni ndugu wa tumbo moja, maana yote miwili inamwondolea kada kazi ya kufikiri. Wa kwanza hafikiri kwa sababu jambo ni dogo mno. Wa pili hafikiri kwa sababu jambo limekwisha hukumiwa.

Nimechagua picha moja ndogo. Inaitwa Riders of Destiny, ilitolewa nchini Marekani mwezi Oktoba 1933, na urefu wake haufiki saa moja. Mwandishi na mwelekezi wake ni Robert N. Bradbury. Stelingi ni kijana wa miaka 26, John Wayne, ambaye wakati huo alikuwa bado hajulikani sana. Siku hizi picha yenyewe inapatikana bila malipo, hivyo mwanafunzi yeyote mwenye simu anaweza kuitazama na kunisuta pale nitakapokuwa nimeikosea haki.

MSINGI WA MALI WA PICHA YA BEI RAHISI

Kabla ya kuuliza picha inasema nini, tuulize ilitengenezwaje. Hollywood ya miaka ile haikuwa kitu kimoja. Juu yalikuwako makampuni makubwa yaliyomiliki studio, nyota na hata majumba ya sinema yenyewe. Chini yao yalikuwako makampuni madogo yaliyojibana katika vichochoro, mahali ambapo wenyewe Wamarekani walipaita kwa dhihaka Mtaa wa Umaskini. Picha yetu ilitengenezwa na mtayarishaji Paul Malvern chini ya jina la Lone Star, na kusambazwa na kampuni ya Monogram. Ilikuwa ya kwanza katika mfululizo wa picha 16 ambazo Wayne aliigiza chini ya jina hilo kati ya 1933 na 1935. Malipo yake yanayotajwa na waandishi wa historia ya sinema ni dola 2,500 kwa kila picha.

Hapa pana kanuni ya uchumi ambayo mwanafunzi aishike vizuri. Picha kubwa ilipata sehemu ya mapato ya mlangoni: watu wakija wengi, kampuni inavuna zaidi. Picha ndogo ilikodishwa kwa malipo yaliyokwisha kupangwa, iwe ukumbi umejaa au umebaki na viti vitupu. Maana yake ni nini? Maana yake mapato ya mtayarishaji mdogo yalikuwa na dari, na njia iliyobaki ya kupata faida ilikuwa kukata gharama. Ndiyo sababu picha hizi zilipigwa kwa siku chache tu, nje, kwenye jua ambalo halilipiwi umeme. Ndiyo sababu nyuso ni zile zile picha baada ya picha. Ndiyo sababu pia sehemu kubwa ya Riders of Destiny haina muziki wa kusindikiza. Tunasikia kwato, upepo na mlango unaolia. Wachambuzi wengine wameusifu ukimya huu kana kwamba ni uamuzi wa kisanaa. Ulikuwa uamuzi wa mhasibu. Hata hivyo, nakiri kwamba unaipendeza picha.

Majumba ya sinema nayo yalikuwa na shida yake. Mwaka 1933 Marekani ilikuwa katika shimo la mgogoro mkuu wa uchumi wa kibepari. Karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Ili kumvuta mtu mwenye senti chache mfukoni, wenye majumba walianza kuonyesha picha mbili kwa tiketi moja, na ile ya pili ilibidi itoke mahali. Kwa hiyo ilikuwa ni njaa ya wafanyakazi iliyofungua soko kwa Mtaa wa Umaskini, na ni katika soko hilo kijana Wayne alipata kazi.

KIJANA WA IOWA

Jina lake la kuzaliwa ni Marion Robert Morrison. Alizaliwa Winterset, katika jimbo la Iowa, tarehe 26 Mei 1907. Baba yake alikuwa muuza dawa aliyehamia California na kujaribu kilimo katika nchi kame karibu na Lancaster, kilimo kilimshinda. Tukumbuke jambo hili tutakapofika kwenye maji. Kijana alisoma chuo kikuu kwa msaada wa kucheza mpira, akaumia, msaada ukakatwa, akaenda kubeba vyombo katika studio za Fox. Mwaka 1930 mwelekezi Raoul Walsh alimtoa humo akamfanya stelingi wa The Big Trail, picha ya gharama kubwa iliyopigwa kwa filamu pana ambayo majumba mengi hayakuwa na mitambo ya kuionyesha. Ilianguka kibiashara. Wayne akateremka ngazi hadi kwenye picha za mfululizo na kauboi za bei nafuu, na akabaki huko kwa sehemu kubwa ya muongo mzima, hadi 1939.

Kwa hiyo, tukisema nyota inayopanda, tujue kwamba mtu huyu alikuwa amekwisha panda mara moja akaanguka. Aliyekuwa akipanda mwaka 1933 ni mtu aliyekwisha onja maana ya kuwa bidhaa isiyonunuliwa.

HADITHI YENYEWE

Wayne ni Sandy Saunders, mpanda farasi anayekwenda peke yake akiimba. Njiani anamwona msichana, Fay Denton, aliyeigizwa na Cecilia Parker, akilivamia gari la farasi la abiria na kuchukua fedha za Kincaid. Sandy anamsaidia kutoroka. Baadaye tunajua kwa nini msichana amefika hapo: bwana Kincaid ameyashika maji ya bonde lote. Wafugaji wadogo wana ardhi na wana ng'ombe, lakini ardhi pasipo maji ni vumbi. Kincaid anawapa hiari mbili, watie sahihi mikataba ya kununua maji kwa bei ya kuwanyonga, au wamwachie ardhi. Mzee Denton, baba wa msichana, ambaye ameigizwa na George Hayes, ana kisima, na kisima hicho ndicho mwiba kwa Kincaid.

Sandy anajifanya mtu wa Kincaid. Anapambana barabarani na mpiga bastola wake, akitembea polepole huku akiimba juu ya damu, na anamjeruhi mikono bila kumwua. Halafu anamshawishi Kincaid akilipue kwa baruti kisima cha Denton. Kincaid anafurahi, akidhani anamwangamiza mshindani wa mwisho. Lakini chini ya kisima kuna maji mengi. Mlipuko unayafungua, nayo yanabubujika na kuliendea bonde lote. Ukiritimba umekwisha kwa mkono wa mwenye ukiritimba mwenyewe. Ndipo inapodhihirika kwamba Sandy ni wakala wa serikali aliyetumwa kwa siri kutoka Washington.

YALIYO MEMA

Tuanze kwa haki. Picha hii inamtaja adui kwa jina la kazi yake. Katika kauboi nyingi adui ni mwizi wa ng'ombe, au mlevi, au mwenyeji wa asili anayepiga kelele kilimani. Yaani adui ni yule aliye nje ya utaratibu wa mali. Katika Riders of Destiny adui ana ofisi. Ana mikataba, kalamu na wino. Bastola za vibaraka wake huja baadaye, kuulinda mkataba. Sijui darasa gani la siasa lingeeleza kwa ufupi zaidi uhusiano kati ya njia kuu ya uzalishaji mali na nguvu za mabavu: mwenye maji hahitaji kumiliki ng'ombe wa mtu yeyote, wote watamjia wenyewe kwa kiu.

Na upigaji picha wa Archie Stout ni wa heshima. Vumbi, mwamba na anga vimekaa mahali pake, na mtazamaji anaihisi kiu kabla haijatajwa. Huyu Stout baadaye alishiriki tuzo ya Oscar kwa The Quiet Man ya 1952, akiwa tena na Wayne mbele ya kamera. Kipaji kilikuwako hata kwenye kichochoro.

Wayne mwenyewe bado ni mbichi. Anaposema maneno marefu unaona anayakumbuka. Lakini akinyamaza, akisimama na kutazama, tayari kuna ule uzito uliokuja kumfanya maarufu dunia nzima. Mtu huwezi kukataa kwamba jicho linamfuata.

BARUTI ILIKUWA YA NANI?

Sasa tufike kwenye kiini. Maji, baruti, bonde kame, mwenye nguvu anayeyashika maji: mambo haya Bradbury hakuyatoa hewani. Kila Mkalifornia aliyetazama picha mwaka 1933 alikuwa na kumbukumbu ya Owens Valley.

Bonde hilo liko mashariki ya milima ya Sierra Nevada. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji wa Los Angeles, ukiongozwa katika jambo hili na mhandisi William Mulholland, ulijipatia haki za maji ya mto Owens, mara nyingi kwa kununua kwa hila, na mwaka 1913 mfereji wa zaidi ya kilomita 350 ukaanza kuyapeleka maji hayo mjini. Wenye mitaji walionunua mapema ardhi kavu ya San Fernando walitajirika. Wakulima wa Owens walikauka. Mwaka 1924 waliulipua mfereji kwa baruti. Novemba ya mwaka huo huo watu wapatao 70 waliyateka malango ya maji ya Alabama Gates, wakayafungua, wakayarudisha maji kwenye njia yake ya zamani kwa siku kadhaa, huku mamia ya watu wa bonde, wanawake na watoto wakiwamo, wakija kukaa pamoja nao na kupika chakula. Ulipuaji uliendelea hadi 1927, mwaka ambao benki za ndugu wawili waliouongoza upinzani huo zilifungwa na akiba za watu zikapotea. Mapambano yakavunjika.

Linganisha, ndugu msomaji. Katika historia, baruti imeshikwa na wakulima, wakiwa wengi, wanajuana, wamekubaliana, na wanaishtaki mamlaka inayowanyang'anya. Katika picha, baruti ile ile imeshikwa na vibaraka wa Kincaid kwa ujanja wa mtu mmoja aliyetoka serikalini. Maji yanarudi bondeni katika visa vyote viwili. Lakini katika kimoja umma ndio unaoyarudisha. Katika kingine umma unaamka na kuyakuta mlangoni. Huu ndio wizi mkubwa kuliko ule wa Kincaid: tendo limechukuliwa kutoka kwa watenda, likapewa mtu mmoja mwenye farasi mweupe.

Na kuna wizi ndani ya wizi. Picha haina mwenyeji wa asili hata mmoja. Mtu anaweza kuisifu kwa hilo, kwamba angalau haikuwatukana. Lakini Wapaiute wa Owens Valley walikuwa wakichimba mifereji na kumwagilia mimea yao katika bonde hilo kabla ya mlowezi yeyote kufika, na mwaka 1863 jeshi la Marekani liliwaswaga mamia kwa mamia kwa miguu hadi Fort Tejon. Hivyo mfugaji mdogo wa Kizungu tunayemhurumia kwa kunyang'anywa maji na tajiri alikuwa amekalia mfereji wa mtu mwingine. Mzee Denton katika picha anasema na kutenda kana kwamba historia ilianza siku alipochimba kisima chake. Mchambuzi wa tabaka asiyeliona jambo hili atajikuta akimshangilia mlowezi kwa sababu tu kuna mlowezi mkubwa kuliko yeye.

WAKALA WA WASHINGTON MWAKA 1933

Kwa nini mkombozi atoke Washington? Hapa lazima tuutazame mwaka wenyewe. Franklin Roosevelt aliapishwa Machi 1933. Aprili, katika Le Mars, jimbo la Iowa, jimbo alikozaliwa Wayne, wakulima waliokuwa wakinyang'anywa mashamba kwa rehani walimtoa hakimu katika chumba cha mahakama na nusura wamnyonge. Tabaka tawala la Marekani liliogopa, na lilikuwa na sababu. Likahitaji kuuambia umma: rudini nyumbani, serikali imesikia, mtu wetu yuko njiani. Sandy Saunders ni mtu huyo. Wala si yeye peke yake; katika Blue Steel na The Star Packer, zote za 1934, Wayne ni tena mtu wa serikali aliyejificha.

Simdharau Roosevelt kijuujuu. Mabwawa yalijengwa, umeme ulifika vijijini, na watu walikula kwa sababu ya mipango ile. Lakini tuseme pia wakala halisi alifanya nini. Sheria ya kilimo ya Mei 1933 ililipa watu wapunguze mazao ili bei ipande. Katika majimbo ya pamba fedha hizo zilikwenda kwa wenye ardhi, na wenye ardhi wakawafukuza walimaji wa nusu kwa nusu, weusi na weupe, waliokuwa hawahitajiki tena. Ndiyo maana Julai 1934 huko Arkansas walimaji hao wa rangi zote mbili waliunda chama chao.

Na Oktoba 1933, mwezi ule ule picha yetu ilipotoka, zaidi ya wachuma pamba 10,000, wengi wao Wameksiko, walikuwa wamegoma katika bonde la San Joaquin, California. Wenye mashamba walikuwa wakiwapa senti 60 kwa ratili 100; wao walidai dola moja. Tarehe 10 Oktoba wenye mashamba wenye silaha waliwafyatulia risasi wagomaji huko Pixley, na siku hiyo hiyo kukawa na mapigano Arvin. Wagomaji watatu waliuawa kwa jumla. Mtu wa Washington alikuja kweli. Jina lake George Creel, na suluhu yake ilikuwa senti 75. Hakuwa na bastola wala wimbo. Walioshitakiwa kwa mauaji ya Pixley waliachiliwa na mahakama. Bei ilipanda kwa senti 15, na hizo senti 15 zilipatikana kwa sababu watu zaidi ya elfu kumi walikuwa wamekaa kambini bila kuchuma.

Katika picha hakuna kambi. Hakuna Mmeksiko, ingawa kazi yenyewe ya kuchunga ng'ombe kwa kamba na farasi ilijifunzwa kwa wachungaji wa Meksiko, na wengi wa kauboi wa kweli walikuwa Wameksiko na watu weusi. Wafugaji wa bondeni ni watu wa kungoja tu. Hawaulizwi kuhusu mpango wa Sandy, wala mpango hauhitaji waujue. Baada ya maji kufika, hatuambiwi yatagawanywaje, nani atakaa juu ya mkondo na nani chini, na kesho akitokea Kincaid wa pili atazuiwa na nani.

NYOTA NI JASHO LA NANI

Liko jambo moja katika picha hii ambalo kwa mwalimu wa siasa ni hazina. Sandy anaimba, tena uimbaji ndio sifa yake. Lakini Wayne hakuweza kuimba. Sauti inayosikika ni ya mtu mwingine. Kadhalika, anapoanguka na farasi au kuruka, mara nyingi anayeruka ni Yakima Canutt, bingwa wa michezo ya farasi, aliyefanya kazi na Wayne katika picha nyingi za Lone Star. Inasemwa, na ukitazama unaamini, kwamba hata ule mwendo na ule usemi wa polepole Wayne aliviokota kwa Canutt. Katika picha hizi ndipo ulipoboreshwa ule ufundi wa kupiga ngumi inayopita pembeni ya shavu huku kamera ikiwekwa mahali ambapo mtazamaji ataamini imepiga.

Kwa hiyo koo ni la mmoja, mgongo wa mwingine, mwendo wa kuazima, na uso ndio wa Wayne. Jasho la wengi limekusanywa likabandikwa jina moja, na jina hilo likawa mtaji. Karl Marx aliposema juu ya bidhaa kuuficha uhusiano wa watu walioitengeneza, alikuwa akizungumzia meza na nguo. Angeiona Hollywood asingebadilisha hoja yake. Mtazamaji anapotoka ukumbini akisema "yule bwana ana nguvu", amekwisha somewa somo zima la ubinafsi, na hajasikia hata neno moja la siasa.

SAFARI YA USO HUO

Mwaka 1939 John Ford alimpandisha Wayne katika Stagecoach, na tangu hapo hakushuka. Wakati wa vita kuu ya pili hakuvaa sare ila ya kuigizia. Kuanzia 1949 aliongoza ule umoja wa watu wa Hollywood uliosaidia kuwasaka wenzao walioshukiwa kuwa wakomunisti, wengine wakapoteza kazi kwa miaka mingi. Mwaka 1968, wakati Wavietnamu walipokuwa wakimwaga damu kwa ajili ya uhuru wao, alitoa The Green Berets kuutetea uvamizi. Mwaka 1971, katika mahojiano na jarida moja la Marekani, alitetea waziwazi kunyang'anywa ardhi kwa wenyeji wa asili na ukuu wa weupe juu ya weusi. Alifariki tarehe 11 Juni 1979.

Wapo wanaotaka kutenganisha kijana wa 1933 na mzee wa 1971, waseme yule alikuwa mtetezi wa wanyonge na huyu mtetezi wa mabwana. Mimi naona mstari ulionyooka. Mtu anayelikomboa bonde pasipo kuwauliza watu wa bonde ni yule yule atakayeikomboa Vietnam pasipo kuwauliza Wavietnamu. Kilichobadilika ni ukubwa wa bonde.

Nasi tumekutana naye uso kwa uso. Mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961 Howard Hawks alikuja Tanganyika kaskazini kupiga Hatari!, iliyotolewa 1962, Wayne akiwa kiongozi wa kundi la wageni wanaokamata wanyama wa kupelekwa katika bustani za Ulaya na Marekani. Jina ni letu, ardhi ni yetu, wanyama ni wetu. Mwafrika ndani yake anafuata nyayo, anaendesha, anahudumu mezani; hana hadithi. Miezi michache baadaye, Desemba 1961, watu hao wasio na hadithi walipandisha bendera yao.

Lakini tusidhani kwamba watazamaji wa Kiafrika walimeza tu. Huko Kinshasa ya miaka ya 1950, wakati ule ikiitwa Léopoldville, vijana wa mitaa ya Waafrika walijiita Mabill, wakavaa na kutembea kama kauboi, wakazua hata lugha yao, na serikali ya Kibelgiji ikawaogopa. Walichukua uso wa bwana wakautumia kumtishia bwana, ijapokuwa pia waliutumia kuwatishia wenzao na hasa wasichana wa mtaani. Na mwaka 1966 Moustapha Alassane wa Niger alitengeneza picha fupi, Le Retour d'un aventurier, ambamo kijana anarudi kijijini kutoka Marekani na sanduku la nguo za kauboi, anawavika rafiki zake, na kijiji kinageuka uwanja wa fujo. Ilikuwa ya bei rahisi kuliko hata Lone Star. Inachekesha, nayo ni uchambuzi wa kina kuliko makala nyingi.

Kwetu sisi makada swali linakuja karibu zaidi ya Hollywood. Kila mmoja wetu amewahi kumwona, au amewahi kuwa, Sandy wa Land Rover: anafika kijijini kutoka makao makuu, anamwona Kincaid wa pale kwa jicho moja, anapanga dawa usiku katika nyumba ya wageni, asubuhi anaitekeleza, jioni ameondoka na ripoti. Bomba limetoka. Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji karibu na kila mwanakijiji, na mwaka huo huo Mwongozo ulitutaka tuwashirikishe watu katika kuamua mambo yao. Maazimio haya mawili yalipaswa kwenda pamoja. Mahali yalipotengana, pampu ilipoharibika wanakijiji walikaa wakimngojea mwenye pampu, na kwa fikira zao mwenye pampu alikuwa serikali. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wamefundishwa kungoja, kama wafugaji wa Mzee Denton.

Ninapoonyesha picha hii kwa wanafunzi, huisimamisha mahali pamoja: baruti imekwisha wekwa kisimani, utambi haujawashwa. Nawataka waandike majina ya wote wanaoishi katika bonde lile, kisha waweke alama kwa kila anayejua kitakachotokea. Orodha ya kwanza huwa ndefu. Ya pili huwa fupi sana, na mabishano huanzia hapo, maana daima yupo mwanafunzi anayeuliza kama Sandy angewezaje kuwaambia wote na bado siri isimfikie Kincaid. Ni swali zuri, na wale watu 70 wa Alabama Gates walilijibu kwa njia yao: waliyafungua malango mbele ya macho ya watu wote, kisha wakakaa hapo hapo.